Masizi, Udongo Mweupe na Oili Chafu: Weusi na Weupe katika Nyumba za Njombe na Makambako

Katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, hususan katika miji ya Njombe na Makambako na vijiji vinavyoizunguka, upambaji wa nyumba kwa rangi nyeusi na nyeupe una historia ya pekee, kwa kuwa rangi hizo mbili hazikuingia ndani ya nyumba kwa njia moja wala kwa thamani moja. Weupe ulitafutwa: ulichimbwa, ukabebwa kichwani, ukalowekwa, ukachujwa na kupakwa, na baadaye ukanunuliwa dukani kwa mfuko. Weusi ulikuja wenyewe pamoja na moshi, ukakaa juu ya boriti, juu ya vyungu na juu ya kuta za ndani bila kuitwa, na kwa muda mrefu kazi ya mwenye nyumba ilikuwa ama kuuvumilia, ama kuutumia, ama kuufukuza. Leo ni weusi unaonunuliwa kwa gharama, na namna ulivyofikia hadhi hiyo ndiyo inayofuatwa katika kurasa hizi.

Chanzo cha yote ni baridi. Mji wa Njombe upo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti usiku hupoa kiasi kwamba asubuhi nyingine sakitu, yaani umande ulioganda kuwa barafu nyembamba, huonekana juu ya majani ya mabondeni. Makambako, iliyo chini kidogo na yenye uwanda ulio wazi zaidi, haina baridi kali kiasi hicho lakini ina upepo mwingi, tena upepo usioacha ufa bila kuupenya. Katika mazingira hayo moto haukuwa wa kupikia peke yake. Ulikuwa blanketi la watu wote wa nyumba, na kwa hiyo ulikokwa ndani, juu ya sakafu ya udongo, katikati ya mafiga, yaani mawe matatu ya kutegea chungu, katika nyumba isiyokuwa na dohani wala dirisha la maana. Moshi ulipanda, ukatanda chini ya paa la nyasi, kisha ukajitafutia njia ya kutokea polepole kupitia nyasi zenyewe.

Kilichobaki nyuma ya moshi huo ni masizi, nayo yanastahili kuangaliwa kwa karibu kabla ya kuitwa uchafu. Kwenye boriti za nyumba iliyokokwa moto miaka mingi, masizi hayakai kama vumbi linalofutika kwa kidole: hushikamana na lami inayotoka kwenye kuni zinazoungua na kufanya gamba gumu, jeusi, lenye mng'ao wa vanishi, ambalo likikwanguliwa kwa kisu huanguka vipande vipande, na chini yake mti huonekana mkavu usio na tundu la mdudu. Lami hiyo ya moshi ina kemikali zinazowachukiza wadudu na kuzuia kuvu, na ndiyo maana mahindi ya mbegu yalifungwa kwa maganda yake na kuning'inizwa juu ya meko, mahali hasa palipokuwa peusi kuliko pote. Kwa maneno mengine, weusi wa dari ulikuwa ghala na dawa ya mti kwa wakati mmoja, na mtu aliyeona boriti nyeusi alijua kwamba humo ndani moto haukuzimika.

Kuta zilikuwa habari nyingine. Ukuta wa kawaida ulianza na miti iliyosimamishwa ardhini na kufungwa fito za kulala, kisha ukatomewa, yaani nafasi kati ya fito zikajazwa udongo uliokandwa kwa miguu. Udongo huo ulipokauka na kupasuka, ulikandikwa tabaka la pili, na mwisho ukasiribwa kwa tope laini lililopakwa kwa kiganja. (Upande wa kaskazini, kuelekea Uhehe, nchi ya Wahehe, tembe zenye paa bapa la udongo zilifuata mantiki iyo hiyo ya miti na tope.) Kusiriba hakukuwa pambo tupu. Nyufa za ukuta na za sakafu ni makazi ya kunguni na ya papasi, kupe laini wanaoambukiza homa ya vipindi, na ukuta uliosiribwa upya kila kiangazi uliwanyima mahali pa kujificha. Hata hivyo mkono uliokuwa unaziba ufa ndio uliopata nafasi ya kuchagua rangi, na udongo wa Ubena (nchi ya Wabena, ambamo Njombe imo), ambao kwa sehemu kubwa ni mwekundu, haukuwa rangi pekee iliyopatikana.

Udongo mweupe unaotumika katika kazi hii ni kaolini, ambayo hutokea pale miamba yenye madini ya feldispa inapooza kwa maji na joto kwa maelfu ya miaka mpaka chuma kinachotia udongo wekundu kikawa kimeondoka. Nyanda za juu za kusini zina akiba kubwa ya udongo huo: machimbo ya Malangali katika Wilaya ya Mufindi na ya Matamba katika Wilaya ya Makete yanajulikana kwa wataalamu wa vigae na kauri, na kwingineko mabonge yake hupatikana kwenye kingo za mito na kwenye makorongo. Utengenezaji wake kwa ajili ya ukuta ni rahisi kuueleza na mrefu kuutenda. Mabonge hupondwa, hulowekwa mpaka yavurugike, hukorogwa, kisha huachwa kidogo ili mchanga utuame chini. Maziwa mazito yanayobaki juu humiminwa katika chombo kingine na kuchujwa kwa kitambaa, na ndiyo yanayopakwa kwa tambara au kwa burashi ya nyuzi. Udongo huu ukiwa majimaji ukutani huonekana wa kijivu na wa kukatisha tamaa. Weupe wake hutokea unapokauka, na kwa sababu hiyo mpakaji asiye mzoefu huongeza tabaka ambalo halikuhitajika, nalo hubanduka.

Kasoro yake kubwa ni kwamba haushiki. Kaolini iliyopakwa hivyo ni vumbi lililolala ukutani. Mtu akiegemea, mgongo wa shati huwa mweupe, na mvua ya upepo ikipiga ukuta wa nje, kazi ya siku tatu hutiririka chini kwa nusu saa. Hivyo weupe ulihitaji kurudiwa kila mwaka, na waliorudia walikuwa wanawake, ambao kazi yao hii imeandikwa kidogo mno ukilinganisha na ile ya wafinyanzi na wafuma vikapu, pengine kwa sababu ukuta hauwezi kubebwa hadi jumba la makumbusho.

Ubena hautajwi miongoni mwa nchi mashuhuri kwa michoro ya ukutani, na ni vema kusema hivyo waziwazi badala ya kuutungia utukufu. Katika Afrika ya Mashariki sifa hiyo imekwenda kwingine. Katika Gisaka, mashariki mwa Rwanda, karibu na mpaka wa Tanzania, kuta za ndani zilipambwa kwa imigongo, matuta ya samadi ya ng'ombe yaliyochanganywa na majivu na kufinyangwa kuwa pembe, miraba na mawimbi, kisha kupakwa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Mapokeo ya huko humtaja mwana wa mfalme aliyeitwa Kakira kuwa mwanzilishi, na weupe wake nao unatokana na kaolini. Usukumani, vyama vya wafuga nyoka vilichora ndani ya nyumba zao za mikutano watu, nyoka na viumbe vya hadithi, na michoro hiyo ikachapishwa na Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyeitumikia serikali ya Tanganyika, katika kitabu cha mwaka 1953. Mbele ya kazi hizo, pambo la kawaida la nyanda za Njombe ni la kimya: ukuta hugawanywa kwa mstari wa kulala, juu ukawa mweupe na chini ukawa wa giza. Lakini mgawanyo huo una maisha marefu kuliko picha, kwa kuwa ulitokana na hitaji ambalo halijaondoka.

Weupe wa aina ya pili, ule wa chokaa, uliletwa na wamisionari. Wamisionari wa Kilutheri wa shirika la Berlin walifika upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa mwaka 1891, wakapanda hadi Ubena na kufungua kituo cha Kidugala mwaka 1898, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Wanging'ombe. Kituo chao kingine, Yakobi, kilishambuliwa mwaka 1905 wakati Vita vya Maji Maji vilipofika nyanda hizo. Pamoja na Injili walileta tofali la kuchoma, dirisha na chokaa. Chokaa ni jiwe la kalisi lililochomwa katika tanuri mpaka likapoteza hewa ya kaboni, kisha likazimwa kwa maji. Ikishapakwa ukutani huivuta tena hewa hiyo na kurudi kuwa jiwe jembamba, na tofauti yote kati yake na udongo mweupe ipo hapo. Mafundi wa pwani walikuwa wakiipata kwa kuchoma matumbawe, lakini Njombe imekaa juu ya miamba ya asili nyingine, na mawe ya chokaa yanapatikana kwa wingi mbali, kama Songwe upande wa Mbeya, ambako baadaye kilijengwa kiwanda cha saruji. Chokaa ilikuwa hivyo kitu cha kusafirishwa, na ukuta uliopakwa chokaa ulitangaza kwamba mwenyewe ana uhusiano na misheni, na serikali au na duka.

Kulikuwa pia na sababu ya matumizi ambayo mara nyingi husahauliwa. Nyumba ya meko haikuhitaji mwanga mwingi kwa sababu moto ulikuwa taa yake. Nyumba ya mtu anayesoma ilihitaji dirisha, na dirisha dogo hutosha tu pale ukuta wa ndani unapokuwa mweupe na kuurudisha mwanga. Kitabu kilifukuza masizi. Meko yakatolewa nje ya nyumba kubwa na kujengewa kibanda chake, na kibanda hicho kikarithi weusi wote wa zamani. Wakati huohuo shule zilezile zilizohubiri ukuta mweupe zilileta weusi wa kukusudia kwa mara ya kwanza: ubao wa kuandikia. Palipokosekana mbao, sehemu ya ukuta ililainishwa kwa tope laini na kupakwa mkaa uliosagwa au masizi, na baadaye, redio zilipoenea, unga mweusi wa betri kuukuu, ambao ni mchanganyiko wa manganizi na kaboni na ambao si salama kuuvuta puani. Mstatili huo mweusi katikati ya ukuta uliopakwa chokaa, wenye mistari ya chaki iliyonyooka, ulikuwa kwa watoto wengi somo la kwanza la jinsi rangi hizi mbili zinavyokaa pamoja, ingawa hakuna mwalimu aliyekusudia kulifundisha.

Fedha ya kununulia vitu vya nyumbani ilitoka mbali. Vijana wa Ubena walikwenda kwa wingi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro kama manamba, yaani vibarua wa mkataba, na tangu 1944 uajiri huo ulisimamiwa na SILABU, ofisi ya wakulima wa mkonge ya kutafuta wafanyakazi. Walirudi na nguo, mabakuli ya bati, taa za chemli na fremu za picha. Miongoni mwa nguo zilizojulikana bara tangu enzi za misafara kulikuwa na merikani, kitambaa kizito cha pamba kisichotiwa rangi, na kaniki, kitambaa cheusi au cha nili nzito. Ya kwanza ikishatoboka kama vazi ilikatwa kuwa pazia, na ya pili haikuonyesha masizi, jambo lililoipendekeza kwa mwanamke wa jikoni. Picha za studio, ambazo wakati huo zote zilikuwa za nyeusi na nyeupe, zilipangwa kadhaa ndani ya kioo kimoja na kutundikwa juu kidogo ya usawa wa macho, zikiinamishwa mbele ili mgeni aliyeketi azione bila kuinuka.

Lakini karatasi ya ukutani ya kweli ilikuwa gazeti. Mambo Leo, jarida la serikali ya kikoloni, lilianza kutolewa mwaka 1923. Gazeti la Uhuru lilianza mwaka 1961 na Mzalendo mwaka 1972, na yote, yakishasomwa, yalikuwa na kazi ya pili. Kurasa zilibandikwa kwa uji mzito wa unga juu ya ukuta wa udongo, zikipandiana kidogo kwenye kingo kama vigae vya paa, na zilitenda mambo matatu ambayo udongo mweupe haukuweza: zilizuia upepo kwenye nyufa, zilizuia vumbi la ukuta lisidondokee kitandani, na zilimpa mlalaji kitu cha kusoma. Chumba kilichobandikwa hivyo huwa cha kijivu kwa mbali, na cheusi na cheupe kwa karibu. Vichwa vya habari vinene hufanya michirizi ambayo mbandikaji mwenye jicho aliipanga isawazike kutoka pembe hadi pembe, na asiye na jicho aliiacha ilale ovyo, wakati mwingine kichwa chini. Wanahistoria wa siasa wangefaidika kuzisoma kuta hizo, kwani mpangilio wa kurasa ulifuata sura za watu waliopendwa na mwenye nyumba kuliko tarehe.

Operesheni Vijiji, iliyowahamishia wananchi katika vijiji vilivyopangwa kati ya 1973 na 1976, iliukatiza utaratibu huu wote kwa ghafla, kwa maana nyumba zilijengwa haraka na pambo likangoja. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya kujisomea, ilikazia vyoo, maji ya kuchemsha na usafi wa mazingira, na kwa jumla iliimarisha imani kwamba kilicho cheupe ni kisafi. Imani hiyo ilifika hata kwenye mawe: hadi leo, ugeni mkubwa au Mwenge wa Uhuru unapotarajiwa, mawe ya kando ya njia za ofisi hupakwa chokaa, na mashina ya miti pia, ambayo hayakuwa na ubaya wowote.

Makambako ilichangia kwa namna yake, na mchango huo ulikuwa mweusi. Mji huo upo pale barabara ya kwenda Njombe na Songea inapoachana na barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya na Zambia, na reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ilipita hapo wakati wa ujenzi wake kati ya 1970 na 1975, kabla ya kukabidhiwa rasmi Julai 1976. Palipo na njia panda pana malori, na palipo na malori pana gereji, na gereji hutoa oili chafu, yaani oili ya injini iliyokwisha kutumika. Kwa watu waliokuwa wakihangaika na mchwa, hiyo ilikuwa neema: nguzo, milango na mbao za chini zilipakwa oili chafu, na kutoka kwenye mbao ikahamia kwenye ukuta, ikawa ukanda mweusi unaozunguka nyumba yote kuanzia ardhini hadi usawa wa goti au zaidi kidogo.

Kimo hicho hakikukadiriwa ovyo. Paa la bati lisilo na gata humwaga maji yake yote kwenye mstari mmoja chini ya mchirizi, na kila tone likiigonga ardhi nyekundu ya nyanda hizi hurusha tope ukutani. Baada ya masika moja ukuta mweupe huwa umejichora wenyewe alama ya wekundu inayoishia hapo hapo unapoishia ukanda. Mwenye nyumba aliyepaka nyeusi chini na nyeupe juu alikuwa ameiandika upya alama ya mvua kwa rangi aliyoichagua mwenyewe. Gharama ilionekana baadaye, kwa kuwa ukuta uliokunywa oili haupokei tena rangi nyingine: chokaa hukataa kushika, na kwenye rangi ya maji huchomoza mawingu ya kahawia, kiasi kwamba fundi rangi anayepewa nyumba ya namna hiyo huibandua lipu ya chini na kuipiga upya.

Weusi mwingine usioombwa ulitoka kwenye miti. Kampuni ya miwati ya Tanganyika, TANWAT, iliyoanzishwa mwaka 1949 na Shirika la Maendeleo ya Makoloni la Uingereza na yenye kiwanda chake Kibena, nje kidogo ya mji wa Njombe, ilijaza vilima kwa muwati, mti ambao gome lake hutoa tanini ya kulainishia ngozi. Miti yenye tanini nyingi huchukiana na chuma: msumari ukipigiliwa na unyevu ukaingia, hutokea maji meusi kama wino, ambayo kwenye ukuta mweupe hushuka chini ya kila kichwa cha msumari kwa mchirizi mwembamba. Mafundi waliutambua ugonjwa huo bila kuhitaji kemia, wakapaka mbao rangi nyeusi ya mafuta kabla ya kuzipigilia, na fremu nyeusi juu ya ukuta mweupe ikawa jambo la kawaida kwenye majengo ya mjini kwa sababu ambayo wakazi wa baadaye waliichukulia kuwa urembo.

Tangu Njombe iwe mkoa mwaka 2012, na fedha ya mbao na ya parachichi ilipoanza kuonekana katika ujenzi, weupe umekuwa hali ya kuanzia: lipu, skimu ya unga mweupe, dari ya jipsamu. Anayetaka kuonekana hununua weusi, yaani madirisha ya aluminiamu nyeusi, geti jeusi, vigae vyeusi vilivyopishana na vyeupe ukumbini, makochi meusi yenye vitambaa vyeupe vya kufuma juu ya migongo yake. Vitambaa hivyo ndivyo urithi mkongwe kuliko vyote humo, kwa kuwa ufumaji ulifundishwa wasichana wa misheni chini ya somo la maarifa ya nyumbani. Katika uteuzi huu vigae vyeusi ndivyo visivyofaa kabisa, na Makambako ndiko hilo linakoonekana wazi: upepo huvijaza vumbi jepesi ifikapo saa nne asubuhi, na msichana wa kazi huvipiga deki mara mbili pale ambapo sakafu ya saruji ingetosheka na mara moja.

Jiko la nje, wakati huohuo, limebaki katika ramani ya karibu kila nyumba mpya, hata ile yenye jiko la gesi ndani, na mafundi huliacha na matofali yake bila lipu wala rangi kwa kuwa wanajua litakavyokuwa baada ya mwaka. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Mkakati huo unahusu kupika; kuota moto Julai ni suala ambalo haukuandikiwa, na Njombe kuni bado zinabebwa kwa kazi zote mbili.